Saa ya Kufunga Kula Kwenye Simu: Inachohesabu na Isichoweza Kukuambia

Zero, Fastic, BodyFast, Simple: majina ni mengi, lakini ukizifungua programu hizi utakuta umbo lilelile. Kuna duara kubwa katikati ya kioo na kitufe cha kuanzia chini yake. Ukibonyeza, duara linaanza kujaa. Saa zikisonga, rangi hubadilika na maneno hujitokeza: sukari ya damu inashuka, mwili umeanza kuchoma mafuta, ketoni (nishati ambayo ini huitengeneza kutokana na mafuta) zimeingia, seli zinajisafisha. Kwenye rangi hizo na ushauri unaozizunguka ndiko unakoombwa kulipia. Msimamo wetu tuuseme mapema. Saa ni kifaa kizuri, inapatikana bure, na kwa watu wengi inatosha. Rangi hazijapima chochote mwilini mwako.

Tunazihakiki programu hizi kama aina moja ya bidhaa, kwa mtu anayeishi Nairobi: anayetoka nyumbani gizani, anayekunywa chai ya maziwa, na ambaye chakula chake kikubwa huiva usiku baada ya foleni.

Kuiweka sawa

Kosa la kwanza hutokea kabla hata hujafunga, nalo liko kwenye saa. Programu inauliza ulimaliza kula saa ngapi. Ulimaliza ugali saa mbili usiku, kichwa kinasema "mbili", kidole kinaandika 2:00. Programu imeelewa saa nane. Hata anayekumbuka kugeuza hujikwaa kwenye saa sita, kwa sababu 12:00 AM ni saa sita usiku na 12:00 PM ni saa sita mchana. Ukizichanganya, utaamka ukute duara limejaa saa kumi na mbili za uongo na pongezi juu yake. Weka simu kwenye mfumo wa saa 24, kisha fuata hesabu hii: saa za mchana ongeza sita, saa za usiku kabla ya saa sita ongeza kumi na nane. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa kumi jioni ni 16:00, saa moja usiku ni 19:00.

Kosa la pili ni arifa zisizokuja. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa barabara ya Luthuli huzima programu zilizo nyuma ya kioo ili betri idumu. Duara halipotei, maana linakokotolewa kutoka saa uliyoanzia, lakini kengele ya kukuambia dirisha la kula, yaani saa ulizojiruhusu kula, limefunguka au linafungwa hailii. Ingia Mipangilio, kisha Programu, chagua ile ya kufunga, gusa Betri na uiruhusu ifanye kazi bila vizuizi. Kama simu ina sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe, iwashe hapo pia. Jaribu kwa kengele ya dakika tano kabla hujaitegemea.

Programu nyingi hukupendekezea mpango wa 16:8, yaani saa kumi na sita bila chakula na nane za kula, hata kama hujawahi kukaa zaidi ya saa tisa. Ukatae mwanzoni. Wiki ya kwanza weka saa 12: ukimaliza kula saa mbili usiku, usile hadi saa mbili asubuhi. Wiki ya pili sogeza hadi 13, ya tatu 14. Ukifika hapo, kaa mwezi mzima kabla ya kuamua kuendelea. Anayeruka moja kwa moja hadi 16 kwa kawaida hushindwa siku ya tatu au ya nne, na kinachomwangusha mara nyingi ni maumivu ya kichwa kuliko njaa. Sababu ni mbili. Amekosa kafeini ya chai ya asubuhi aliyoizoea. Halafu, insulini inaposhuka, figo hutoa chumvi nyingi zaidi na maji huifuata. Chai ya rangi, strungi, bila sukari inatibu la kwanza. Maji, na chumvi ya kawaida kwenye mlo unaofuata, yanatibu la pili, isipokuwa kama una presha au ugonjwa wa figo na daktari amekupunguzia chumvi.

Dirisha linafaa kukaa wapi

Dirisha linalowekwa mara nyingi ni la saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Limechaguliwa kwa sababu ni rahisi: unaruka kifunguakinywa na unakula usiku na familia. Dirisha hilohilo lilijaribiwa Marekani katika utafiti wa TREAT uliochapishwa mwaka 2020. Watu 116 wenye uzito uliozidi walifuatwa kwa wiki 12, wakikumbushwa kwa programu ya simu. Waliofunga walipungua wastani wa kilo 0.94, na waliokula milo mitatu ya kawaida kilo 0.68. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea. Katika kundi dogo lililopimwa kwa kina, sehemu ya uzito ulioondoka kwa wafungaji ilikuwa misuli, na hapo ndipo mtu anayefunga ili kuchelewesha uzee anapaswa kusimama na kufikiri.

Mwaka 2022 kulitoka utafiti wa Guangzhou, China, wa watu 139 wenye unene kwa mwaka mzima. Makundi yote mawili yalipunguza kalori, na moja likala kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni pekee. Lenye dirisha lilipungua kilo 8.0, lisilo na dirisha kilo 6.3, na watafiti hawakuona tofauti ya kutegemewa. Kilichopunguza uzito kilikuwa chakula kupungua. Dirisha ni uzio wa kukusaidia kukipunguza, na kwa anayechukia kuhesabu kalori uzio huo ni msaada wa kweli.

Lakini kuna jambo moja linalofanya saa ya dirisha iwe na maana. Mwaka 2018 wanaume wanane wenye dalili za awali za kisukari walilishwa ndani ya saa sita, chakula cha mwisho kabla ya saa tisa alasiri, kwa wiki tano. Uzito wao haukubadilika, kwa makusudi, lakini insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi na presha ilishuka. Wanane ni wachache. Hata hivyo matokeo hayo yanalingana na jinsi mwili ulivyo: asubuhi na mchana unaimudu sukari kuliko usiku. Sahani ileile ya ugali hupandisha sukari zaidi saa tatu usiku kuliko saa saba mchana.

Sasa ulete mpango huo Nairobi. Mtu anayetoka mjini saa kumi na moja jioni kwenda Rongai, Kitengela au Ruiru anafika saa moja au saa mbili usiku, ndipo moto unawashwa. Dirisha la kufunga saa tisa alasiri halitamfaa, na programu ikimwekea atalivunja kila siku na kujiona mkosaji. Linalowezekana ni la saa kumi, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Mlo mkubwa unahamia mchana: ule ugali, sukuma na nyama uliozoea kuliwa usiku unapakiwa kwenye kontena asubuhi. Saa kumi na moja, kabla ya kupanda gari, unakula kitu chenye protini: mayai mawili ya kuchemsha, mtindi usio na sukari, njugu karanga kiasi cha kiganja. Ukifika nyumbani njaa haikuendeshi, na ukikaa na wenzako mezani bakuli la supu ya mboga au sukuma kidogo halitakuharibia kitu. Programu itasema umevunja mfungo. Iache iseme.

Kikombe cha chai

Swali linaloulizwa kuliko yote ni hili: chai inavunja mfungo? Kikombe cha mililita 250, nusu maziwa nusu maji, kina kalori 80 hivi za maziwa, na vijiko viwili vya sukari vinaongeza 30 na kitu. Jumla inazidi 100. Hicho ni chakula. Kinaamsha insulini, na ukikinywa saa kumi na mbili asubuhi dirisha lako limefunguka saa hiyo, hata kama duara linaendelea kujaa. Chai ya rangi na kahawa isiyo na kitu hazivunji. "Dawa" ya tangawizi na limau haivunji hadi pale asali inapotiwa, na hotelini hutiwa bila kuulizwa. Maji ya moto, tangawizi na kipande cha limau, agiza hivyo.

Asiyeweza kuishi bila chai ya maziwa asubuhi asijidanganye wala asijitese. Aanzishe dirisha na hiyo chai, alifunge mapema jioni. Kwa sukari ya damu huenda ndiye aliyefanya vizuri zaidi kuliko anayeruka asubuhi na kula saa tatu usiku.

Rangi zinatoka wapi

Chukua watu wawili, wote wamemaliza kula saa mbili usiku, na duara linasoma saa 14. Mmoja alikula sahani kubwa ya ugali: unga gramu 200, ambao una wanga gramu 150 hivi. Amelala, ameamka, ameketi ofisini. Mwingine alikula maharagwe kidogo na kabichi, kisha alfajiri akatembea kutoka Kibera hadi Eneo la Viwanda. Ini huhifadhi wanga kama glaikojeni, gramu 100 hivi kwa mtu mzima, na mwili huanza kutegemea ketoni kwa dhati pale akiba hiyo inapopungua sana. Kwa binadamu hilo hutokea popote kati ya saa 12 na 36, kutegemea ulikula nini na umetumia misuli kiasi gani. Wa pili huenda ameshaanza. Wa kwanza bado ana akiba. Programu imewapa wote rangi moja, kwa sababu inachojua ni saa tu.

Ketoni angalau zinapimika. Kuna vipimo vya tone la damu kidoleni, na kiwango cha kuanzia milimoli 0.5 kwa lita ndicho huitwa hali ya ketoni. Vijiti vyake ni ghali, na kwa mtu asiyefuata tiba maalumu haina maana kuvinunua.

Kwenye "seli kujisafisha" ndiko tunakolaumu zaidi. Jambo lenyewe ni la kweli na ni zuri kulielewa. Linaitwa otofaji: seli hufunga vipande vyake vilivyochakaa ndani ya vifuko, huvivunja na kutumia malighafi tena. Mjapani Yoshinori Ohsumi aligundua jinsi linavyoendeshwa kwa kuchunguza hamira iliyonyimwa chakula, akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2016. Sehemu kubwa ya tunayojua kuhusu kufunga na otofaji imetoka kwa hamira na panya. Panya wa maabara akikaa siku moja bila chakula hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Mwili wake mdogo unawaka haraka kuliko wetu. Siku yake moja ya njaa si siku yako moja. Kwa binadamu, otofaji hutokea muda wote kwa kiwango fulani, hutofautiana kati ya ini, misuli na ubongo, na kuipima vizuri kunahitaji kuchukua kipande cha nyama ya mwili au seli za damu na kuzichunguza maabarani. Hakuna hospitali utakakokwenda leo upewe kipimo cha kawaida cha damu kinachosema "otofaji yako imeanza". Programu inayokuandikia kwamba imeanza saa ya 16 au 18 imekuandikia kadirio lisilo na kipimo nyuma yake, na kuna watu wanaojilazimisha kufunga saa mbili zaidi, wakitetemeka, ili waione rangi hiyo.

Mchoro wa uzito nao uutazame kwa jicho hilohilo. Wiki ya kwanza unaweza kushuka kilo moja au mbili. Glaikojeni hukaa na maji, gramu moja kwa gramu tatu hivi, na akiba ikipungua maji hutoka. Programu inachora mstari kutoka hapo na kukuahidi kilo nyingi ndani ya miezi mitatu. Usiweke alama ya mwanzo hadi wiki ya tatu. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo, kwenye mizani ileile. Zaidi ya mizani, tumia utepe wa fundi cherehani: zungusha kiuno usawa wa kitovu, na lengo ni kipimo hicho kisizidi nusu ya urefu wako.

Na kuhusu kuzeeka

Matangazo hutumia neno "ujana" kwa wepesi. Ushahidi ulianza zamani: mwaka 1935 Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba panya waliopunguziwa chakula bila kukosa virutubisho waliishi muda mrefu zaidi. Kwa nyani aina ya rhesus, majaribio mawili makubwa ya Marekani yalitofautiana. La Wisconsin liliripoti mwaka 2009 kwamba waliopunguziwa chakula waliishi vizuri zaidi, na la Taasisi ya Taifa ya Uzee liliripoti mwaka 2012 kwamba umri haukuongezeka. Chakula cha Wisconsin kilikuwa na sukari nyingi, na nyani wa kulinganishwa walikula watakavyo. Yaani sehemu ya faida huenda ilikuwa ya kuepuka kula vibaya na kupita kiasi.

Kwa binadamu, jaribio linalostahili kutajwa ni CALERIE: watu wazima zaidi ya 200 wasio wanene walishiriki, na theluthi mbili yao hivi waliombwa kupunguza kalori kwa asilimia 25 kwa miaka miwili. Walichoweza ni asilimia 12 hivi. Mwaka 2023, kipimo cha DNA kinachokadiria kasi ya kuzeeka kilionyesha kasi hiyo imepungua kwa asilimia 2 hadi 3, huku vipimo vingine viwili vya aina hiyo visionyeshe tofauti. Na walipunguza kalori. Hawakufuata dirisha la saa. Programu inayonukuu CALERIE ili kuuza 16:8 imechanganya vitu viwili.

Kwa upande wa pili, Machi 2024 kwenye mkutano wa Shirika la Moyo la Marekani kuliwasilishwa uchambuzi wa watu wazima 20,000 hivi, uliosema wanaokula ndani ya saa chini ya nane walikuwa na hatari ya kufa kwa magonjwa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 91. Habari hiyo ilisambaa kwenye makundi ya WhatsApp kama moto. Ilitokana na watu kukumbuka walichokula siku mbili tu, na anayekula kwa saa chache anaweza kuwa mgonjwa, maskini au mfanyakazi wa zamu za usiku. Haithibitishi kwamba kufunga kunaua. Inatosha kumzuia mtu asidai kwamba dirisha fupi zaidi ni bora zaidi.

Kinachojulikana vizuri kuhusu uzee ni misuli. Mtu aliyepita miaka 60 anapoteza misuli hata bila kufunga, na akifunga kwa kuruka mlo wenye protini anaharakisha. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza protini gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa mzee mwenye figo nzima. Mama wa kilo 65 anahitaji gramu 65 hadi 78, na sasa ana saa chache za kuzila. Yai moja ni gramu 6, nusu lita ya maziwa 16, kikombe cha maharagwe yaliyoiva 15, nyama iliyoiva gramu 100 ni 26 hivi. Omena ni protini ya bei nafuu isiyopewa heshima yake. Ukijumlisha utaona kwamba milo miwili ya chai na mkate haiwezi kumfikisha. Ongeza mazoezi ya misuli mara mbili kwa wiki, hata kuinuka na kuketi kwenye kiti mara kumi, mizunguko mitatu.

Hapa sehemu ya kuandika chakula kwenye programu inaangusha. Imejengwa juu ya chakula cha Wamarekani na Wazungu. Ukitafuta githeri, mukimo au matumbo mara nyingi hukosa, au unakuta makadirio ya mtumiaji mwingine yasiyofanana na ya mwenzake. Serikali ya Kenya na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa mwaka 2018 majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Kenya, pamoja na kitabu cha mapishi ya humu nchini, na vyote vinapakuliwa bure. Dakika kumi na jedwali hilo zina faida kuliko mwezi wa usajili wa kulipia.

Mlo wa kufungua dirisha ndio unaoharibu siku ya wengi. Saa sita mchana imefika, kibanda kiko hapo nje, unaagiza chapati mbili na madondo (maharagwe) na soda. Sukari inapaa, saa nane unasinzia, saa kumi una njaa tena. Agiza madondo na sukuma kwanza, ule nusu ya sahani, kisha chapati moja. Kutanguliza mboga na protini kunapunguza kupanda kwa sukari hata kama chakula ni kilekile.

Wasioipakua

Programu inakuuliza umri, kama una mimba, pengine na magonjwa, unaweka alama, basi. Mara nyingi haikuulizi una dawa gani mfukoni. Mtu wa kisukari anayemeza glibenklamaidi au kujidunga insulini akifunga saa 16 bila dozi kurekebishwa anaweza kuanguka ndani ya matatu. Sukari chini ya milimoli 3.9 kwa lita ni ya kushughulikiwa papo hapo: sukari vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, kisha kula. Dapagliflozini na empagliflozini, nazo dawa za kisukari, zina hatari nyingine: mgonjwa anaweza kuingia kwenye asidi ya ketoni, yaani damu kujaa asidi, hata sukari yake ikiwa haijapanda sana. Metformini peke yake haishushi sukari kupita kiasi, lakini nyingi humezwa na chakula ili zisisumbue tumbo. Dawa za presha za kukojoza, ukifunga bila kunywa maji ya kutosha, hukuletea kizunguzungu unaposimama. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki havipaswi kumezwa tumbo tupu, hasa na mwenye vidonda vya tumbo. Anayetumia TLD, kidonge cha ARV, hahitaji kubadilisha saa, kwa kuwa humezwa na chakula au bila chakula.

Wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18, aliyewahi kuugua matatizo ya kujinyima au kujitapisha chakula, na mzee anayepungua uzito bila sababu wasifunge. Programu ina hesabu ya siku mfululizo, na hesabu hiyo inawashikilia hata walio na malaria au wanaoharisha. Ukiugua, ikate.

Kwa anayefunga Ramadhani, saa hizi zinamtumikia vibaya. Zimejengwa kwa mtu anayekunywa maji, na hapa karibu na Ikweta saumu kutoka alfajiri hadi magharibi ni saa 13 na kitu kila mwaka, maji yakiwemo katika yaliyokatazwa. Ushauri wake wa "kunywa maji sasa" hauna nafasi.

Utafiti wa STEPwise wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa. Kabla ya kulipia usajili wa mwaka, pesa hiyo ipeleke kwenye kipimo cha presha na cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu. Chini ya asilimia 5.7 ni kawaida, 5.7 hadi 6.4 ni onyo, 6.5 na kuendelea ni kisukari kinachohitaji kuthibitishwa. Rudia baada ya miezi mitatu ya dirisha lako. Hiyo ndiyo rangi ya kuamini.

Malipo na taarifa zako

Jaribio la bure huwa la siku chache, kisha pesa hukatwa zenyewe, mara nyingi za mwaka mzima kwa mkupuo. Kuifuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Fungua Play Store, gusa picha yako, ingia Malipo na usajili, chagua programu, sitisha. Fanya hivyo siku ileile unayoanza jaribio; kwa kawaida litaendelea hadi mwisho wake.

Unapojiandikisha unaulizwa uzito, siku za hedhi, magonjwa. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za afya ni taarifa nyeti, na una haki ya kuomba zifutwe. Mengi ya maswali hayo yanaweza kurukwa na saa bado itahesabu. Zima ruhusa ya mahali ulipo na ya namba za watu. Siku ukiachana nayo, futa akaunti kutoka ndani ya programu kwanza, subiri barua pepe ya uthibitisho, ndipo uiondoe kwenye simu.